Maswali ya Wasomaji: Usimwage Zege Kabla Mkaguzi Hajaona Nondo

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja, ukaguzi wa nondo na zege kwenye maeneo ya matetemeko, na nyingi zina hasira ndani yake, mwenye nyumba anamlalamikia mkandarasi, fundi anamlalamikia mkaguzi, mkaguzi nae anasukumwa na kila mtu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawasaidia wengi.

SWALI: Habari mhandisi. Najenga nyumba ya ghorofa tatu, eneo letu linatetemeka mara kwa mara na kibali kimeandikwa wazi kwamba mkaguzi lazima aone nondo za nguzo na bimu kabla ya kumwaga. Mkandarasi ameshaagiza zege, lori zinakuja kesho asubuhi, mkaguzi anasema hawezi kufika mpaka kesho kutwa. Mkandarasi anasema tumwage tu, tutapiga picha tumtumie. Nikisimamisha kuna hasara, nikikubali moyo unakataa. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, simamisha. Usisubiri kesho, piga simu leo hii hii uahirishe zege, na umwandikie mkandarasi ujumbe ili ibaki maandishi kwamba wewe mwenye nyumba hujaruhusu kumwaga. Hasara ya kuahirisha lori inaumiza lakini unaijua mwisho wake, hasara ya nguzo ambayo hakuna mtu ajuae ndani kuna nini haina mwisho.

Manake fikiria, ni kitu gani kinakaguliwa pale. Zege likishashika hakuna atakaeona ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo za kusimama, zimekunjwaje. Zipo mashine za kupitisha juu ya zege zinaonyesha nondo imepita wapi na iko kina gani, ni nzuri sana, ila ukiiuliza kama ndoano ya ringi, yaani ncha yake iliyokunjwa, imeingia ndani ya nguzo au imeishia pembeni haitakuambia. Ukitaka kujua kwa uhakika inabidi ubomoe zege mpaka ufike kwenye chuma, na hapo umeshaiumiza nguzo yenyewe. Ndio maana taratibu za ujenzi zimeweka kituo cha kusimama hapo hapo, nondo zimefungwa, fomu (zile mbao za kushikilia zege) haijafungwa yote, zege halijaja. Kanuni za ujenzi za IBC zinazotumika Marekani zinataka msingi ukaguliwe ukiwa umechimbwa na nondo zimeshawekwa, na kanuni ya ACI 318 ambayo ndio inafuatwa na nchi nyingi kwenye mambo ya zege inaenda mbali zaidi, kwenye zile fremu maalum, yaani nguzo na bimu za kubeba tetemeko, nondo zake zinatakiwa zikaguliwe muda wote zinapofungwa, sio mkaguzi anapita siku moja anasaini anaondoka.

Hiyo tofauti watu wengi hawaijui. Kuna ukaguzi wa kupita mara kwa mara na kuna ukaguzi wa kukaa pale pale mpaka kazi iishe. Kumwaga zege lenyewe, na kuchukua sampuli za zege kwa ajili ya vipimo, ni vya kukaa pale pale. Kumwagilia zege maji baada ya hapo ni kwa kupita. Kwahiyo muulize mkaguzi wako anakuja kwa utaratibu upi na kwa kazi ipi, na aandike.

Picha hazitoshi. Piga, tena piga nyingi na uweke rula au tepu ionekane kwenye picha, zitakusaidia miaka ijayo, lakini picha inapigwa na yule yule anaekaguliwa, anachagua nguzo ipi na upande upi.

Na kesho kutwa mkaguzi akija simama nae. Nguzo iko mbele yako, angalia biskuti za kushikilia nondo zisiguse fomu zimekaa pande zote nne au zimewekwa upande mmoja tu unaoonekana. Kwa nguzo na bimu za ndani ACI inataka zege la kufunika chuma lisipungue milimita 40, na kwa msingi unaomwagwa moja kwa moja juu ya udongo ni milimita 75. Ingiza kidole kati ya fomu na ringi, utajua. Angalia chini ya nguzo kama kuna vumbi la mbao, makaratasi, vipande vya waya, maana huo uchafu ukibaki pale unatengeneza mstari dhaifu sehemu ambayo tetemeko linaipiga kuliko zote. Alafu angalia pale bimu zinapokutana na nguzo, na hapa nakuomba uinamishe kichwa kabisa uchungulie katikati, hesabu kama kuna ringi za nguzo ndani ya makutano hayo. Mara nyingi hamna. Nondo za bimu zimejaa, fundi anaona tabu kupitisha ringi, anaziacha. Inabidi ringi hizo zipangwe kwanza kabla nondo za bimu hazijaingizwa, ukichelewa hapo kazi yote inafumuliwa.

Kwa mbele huko weka kwenye mkataba kwamba zege haliagizwi mpaka karatasi ya ukaguzi iwe na saini. Sentensi moja tu hiyo inamaliza ugomvi wote huu.

SWALI: Mhandisi mimi ni fundi nondo. Mkaguzi amekataa nguzo zote za chini kisa ringi tumekunja kona ya digrii 90 badala ya 135. Saizi ya ringi ni ile ile ya kwenye mchoro, idadi ni ile ile, waya tumefunga vizuri. Kukunja 135 ni kazi, inachelewesha na ringi zinagoma kuingia. Je huu sio uonevu? Na ringi zenyewe tuzitupe zote?

JIBU: Kaka, naelewa jasho ulilomwaga hapo, lakini mkaguzi yuko sahihi na nitakueleza kwanini ili siku nyingine wewe ndo uwe wa kwanza kukataa.

Nguzo ikitikiswa kwa nguvu, kitu cha kwanza kutoka ni lile zege la nje linalofunika ringi. Linabanduka, na kwa tetemeko kubwa hilo linategemewa, halishangazi mtu. Sasa ndoano yako ya digrii 90 mkia wake umelala ndani ya zege hilo hilo la nje. Zege likibanduka mkia hauna tena cha kuushika, ringi inafunguka, na nondo za kusimama zinapinda kwenda nje. Zege la katikati ni kama mchanga ndani ya gunia, linabeba mzigo muda wote mshono ukiwa umeshika, mshono ukifumuka kila kitu kinamwagika. Ndoano ya 135 mkia wake unageukia ndani, unazama kwenye lile zege la katikati ambalo halijabanduka, kwahiyo ringi inaendelea kubana hata nje pakiwa pamebaki chuma kitupu. Idadi ile ile, saizi ile ile, na bado nguzo moja inasimama nyingine inaanguka.

Hili halikukaliwa mezani likabuniwa. Mwaka 1971 tetemeko la San Fernando kule California lilipiga hospitali ya Olive View, jengo jipya kabisa. Ndani ya jengo lile lile kulikuwa na nguzo zilizofungwa ringi za kawaida na nyingine zimezungushiwa chuma cha mfululizo kilichobana karibu karibu kama springi. Zile za ringi chache zilivunjika vibaya. Zile zilizozungushiwa zililala upande, zege la nje likatoka lote, lakini zikaendelea kubeba jengo. Hospitali ilikuja kubomolewa, ila somo lake ndo liko kwenye kanuni unazozilalamikia leo.

Mkia nao una urefu wake. ACI inataka usipungue mara sita ya unene wa ringi na kwa vyovyote usiwe chini ya milimita 75. Eurocode 8, kanuni ya matetemeko ya Ulaya, inataka mara kumi. Ringi ya milimita 10 kwahiyo mkia ni 75 huku, 100 kule, soma mchoro wako umefuata kanuni ipi, usichanganye.

Umbali wa ringi hukuuliza lakini nakuambia maana ndo jambo la pili linalokataliwa sana. Chukua nguzo ya milimita 400 kwa 400 yenye nondo za milimita 20 za kawaida za daraja la 420 (zinaanza kuvutika kwenye megapaskali 420, hicho ndo kipimo cha nguvu ya chuma na zege), urefu wake wazi mita 3. Kwa fremu maalum, sehemu ya juu na ya chini ya nguzo ringi zinabanana. Sehemu hiyo ni ndefu kiasi gani? Unachukua kubwa kati ya upana wa nguzo ambao ni 400, moja ya sita ya urefu ambayo ni 500, na 450, kwahiyo ni milimita 500 kutoka juu na 500 kutoka chini. Ndani ya hapo umbali hauzidi robo ya upana, yaani 100, wala mara sita ya unene wa nondo, yaani 120, wala kile kiwango cha tatu ambacho kinategemea nondo zilivyoachana na hakizidi 150. Ndogo ndo inashinda, unafunga kwa 100. Katikati ya nguzo unaweza kufungua mpaka 120, sio 200 kama ninavyoona watu wanafanya. Kwenye bimu ringi ya kwanza isiwe mbali zaidi ya milimita 50 kutoka uso wa nguzo.

Na maungio. Mazoea ya mafundi wengi ni kuunganisha nondo za nguzo pale pale juu ya sakafu, zile nondo zilizoachwa zimechomoza ndo zinalalishwa na mpya. Kwenye fremu maalum hapo ni mahali pabaya kuliko pote, ni ile sehemu ya 500 niliyokuambia ambapo nguzo inapinda zaidi. Maungio ya kulalisha yanatakiwa yawe ndani ya nusu ya katikati ya urefu wa nguzo. Maana yake nondo za kuchomoza ziachwe ndefu zaidi, na hiyo inaamuliwa kabla ya kukata chuma, sio siku ya kufunga.

Ringi zako usizitupe kabla hujaongea na mhandisi mchoraji. Kama mkia ni mrefu wa kutosha anaweza kukubali uongeze kuzikunja zikiwa baridi mpaka 135. Usizipashe moto. Na usinyooshe kona ukakunja upya, chuma kilichokunjwa kikanyooshwa kinaingia nyufa ambazo macho hayazioni. Kuhusu kugoma kuingia, panga ndoano zibadilishane kona, ringi hii ndoano kona hii inayofuata kona nyingine, utaona zinapita na pia udhaifu haukai mstari mmoja.

SWALI: Tumepeleka nondo maabara, majibu yamerudi zina nguvu kuliko tulizoagiza. Mkaguzi amezikataa! Mtu anakataaje chuma chenye nguvu zaidi?

JIBU: Swali zuri na wengi wanashangaa kama wewe. Kwenye tetemeko hatutaki chuma kigumu tu, tunataka chuma kinachovutika kabla ya kukatika, na tunataka kijulikane kitaanza kuvutika wapi. Mchoraji amepanga bimu ndo zianze kulegea kabla ya nguzo, maana bimu ikilegea jengo linabaki limesimama, nguzo ikilegea ghorofa inashuka. Sasa ukiweka kwenye bimu chuma kikali kuliko alichopigia hesabu, bimu inakataa kulegea, mzigo unahamia kwenye nguzo na makutano, na bimu yenyewe inaweza kupasuka kwa mkato wa ghafla badala ya kupinda taratibu. Ndio maana ACI imeweka kikomo cha juu, nondo isizidi kiwango chake cha kuanza kuvutika kwa zaidi ya megapaskali 125, na nguvu ya kukatika iwe angalau mara 1.25 ya ile ya kuanza kuvutika kama ilivyopimwa. Nondo iliyoagizwa ya 420 ikipimwa ikatoka 560 hiyo imezidi kikomo. Omba ibadilishwe, au mchoraji aseme kama inaweza kutumika kwenye sehemu ambazo sio za kubeba tetemeko.

SWALI: Fundi anaongeza maji kwenye zege lililokuja na lori ili lishuke vizuri kati ya nondo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. Maji yaliyozidi yanaacha vitundu zege linapokauka na nguvu inashuka. Kama zege haliingii kati ya nondo suluhisho ni vaibreta (mashine ya kutikisa zege), kokoto ndogo zaidi, au dawa ya kulainisha iliyokubaliwa na mchoraji, vyote vinapangwa kabla. Mkaguzi apime slampu, yaani ulaini wa zege, lori linapofika, kwa ile koni ya urefu wa milimita 300, inajazwa kwa matabaka matatu na kila tabaka linachomwa mara 25 kwa fimbo. Na sampuli za kupima nguvu zichukuliwe kwenye zege lile linalomwagwa kweli, sio zichukuliwe kwanza alafu maji yaongezwe baadae, huo ni udanganyifu na nguzo haidanganyiki.

SWALI: Majibu ya siku 28 yametoka, zege tuliloandikiwa ni la megapaskali 28 na sampuli moja imetoa 25. Mkandarasi anasema iko sawa, mimi nataka nguzo ivunjwe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Tuliza moyo kwanza, huenda mkandarasi yuko sahihi ila akuonyeshe karatasi zote. Kwa ACI jibu moja ni wastani wa silinda angalau mbili za milimita 150 kwa 300 au tatu za 100 kwa 200, sio silinda moja peke yake. Alafu kuna masharti mawili kwa pamoja, wastani wa majibu matatu yanayofuatana usiwe chini ya 28, na jibu lolote moja lisishuke chini kwa zaidi ya 3.5, yaani lisifike chini ya 24.5. Kwahiyo 25 peke yake inapita, ila ukikuta 25, 26, 27 mfululizo, wastani ni 26 na hapo kuna tatizo.

Likiwepo tatizo hatua inayofuata sio nyundo. Wanachimba vipande vitatu vya zege kutoka kwenye eneo linalotiliwa shaka, wastani wake ukifika asilimia 85 ya nguvu iliyoandikwa na hakuna hata kimoja kilicho chini ya asilimia 75, zege linakubalika. Kuchimba kufanywe na watu wanaojua nondo zimepita wapi, nimeona nguzo nzima ikaharibiwa na kipimo maana kilikata chuma.

Na hakikisha mnaongea kipimo kimoja. Mchemraba wa zege unatoa namba kubwa kuliko silinda ya zege hilo hilo. Ulaya wanaandika C25/30, 25 ni silinda 30 ni mchemraba, mtu akikusomea 30 ya mchemraba kwenye mchoro uliotaka 30 ya silinda umepunjwa.

SWALI: Mkandarasi wetu amesema atamleta mkaguzi wake mwenyewe na gharama yake iko ndani ya mkataba. Si imeturahisishia?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na hili nalisema kwa uchungu. Mtu anaelipwa na mkandarasi hawezi kumsimamishia kazi mkandarasi kesho yake akategemea kulipwa. IBC imeliweka wazi, mkaguzi maalum anaajiriwa na mwenye jengo au wakala wake, asiwe mkandarasi, ripoti zake zinaenda kwa mamlaka ya ujenzi na kwa mchoraji, na akiona kasoro anamwambia mkandarasi hapo hapo, isiporekebishwa inapelekwa kwa mamlaka kabla hatua hiyo ya kazi haijaisha.

Uturuki walijifunza kwa maumivu. Baada ya tetemeko la 1999 walitunga sheria ya ukaguzi wa majengo mwaka 2001, kampuni binafsi zikapewa kazi ya kukagua, lakini aliekuwa anajenga ndie aliekuwa anachagua kampuni ya kumkagua. Ilibidi kuanzia 2019 kampuni ianze kupangwa na mfumo wa kompyuta. Kisha Februari 6 mwaka 2023 likaja tetemeko la 7.8 na zaidi ya watu 50,000 wakafa nchini humo, majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa ya zamani lakini na ya baada ya sheria yalikuwemo. Linganisha na Chile, Februari 2010 walipigwa na 8.8, nguvu kubwa mara nyingi zaidi, waliokufa walikuwa mamia, hata ukihesabu na wale waliochukuliwa na mawimbi ya bahari. Ardhi na umbali vilichangia, sikatai, lakini Chile kanuni zinafuatwa na mwenye jengo wa kwanza aliyeliuza anabeba dhamana linapoharibika.

Mlipeni wenyewe, hata ikibidi mpunguze marumaru.

SWALI: Nataka kutoa kuta za tofali ghorofa ya chini nipate nafasi ya maduka. Sio kuta za kubeba, fundi amesema hazina kazi. Nahitaji kibali?

JIBU: Unahitaji, na usiguse tofali hata moja kabla. Kuta hizo kwenye michoro zinaweza kuwa hazibebi uzito wa jengo lakini wakati wa kutikisika zinazuia ghorofa isilale upande. Ukizitoa chini tu ukaziacha juu, ghorofa ya chini inakuwa laini kuliko zote, na mtikisiko wote unajikusanya kwenye nguzo za hapo. Majengo mengi yanayoanguka huanguka hivyo, ghorofa za juu zinashuka nzima nzima na ya chini inapotea. Mhandisi apige hesabu upya, akisema inawezekana atakuambia uongeze kuta za zege au nguzo zivishwe koti la nondo na zege, na kazi hiyo nayo inakaguliwa nondo zikiwa wazi, pamoja na zile nondo zinazopachikwa kwa gundi kwenye matundu ya zege la zamani. Hizo za gundi mkaguzi aone tundu likisafishwa vumbi kabla gundi haijaingia, maana gundi ikishika vumbi badala ya zege nondo inachomoka kwa mkono.